Chakula Hulinda Jino, Hakizibi Tundu

Wahenga walinena kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii huifundisha kila mwaka katika kozi ya semantiki, na kila mwaka wanafunzi huifasiri vivyo hivyo: kitu cha kuazima, hata kikiwa cha thamani, hakichukui nafasi ya kile ulichozaliwa nacho. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja methali hiyo ingenibishia hodi ofisini ikiwa na uso, na uso wenyewe umevimba.

Aliyebisha alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, binti anayesomea ualimu wa Kiswahili. Alikuja muhula uliopita kuomba aahirishiwe jaribio. Kabla sijamtazama nilikuwa nimekwisha kung'amua kwamba mambo si shwari, kwani sisi tunaoshughulika na fonetiki tuna maradhi ya kusikiliza jinsi mtu anavyosema kabla ya kusikiliza anachokisema. Sauti za /f/ na /v/, ambazo huhitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini, zilimtoka kwa taabu. Sauti yake ya /s/ ilikuwa ikivuja hewa. Nilipoinua macho nikaona mdomo wa juu umefura na shavu la kulia limevimba hadi karibu na jicho.

"Binti yangu, jino hili lina muda gani?" nikamwuliza.

"Lilianza mwaka jana, Mwalimu," akajibu. "Lakini lilikuwa limepona."

Neno hilo moja, limepona, ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nilipomdadisi zaidi nilielewa kisa chote. Mwaka uliotangulia aliona tundu dogo la kahawia kando ya jino lake la mbele, likawa linamchoma kila anapokunywa maji baridi. Rafiki yake akamtumia kwa simu video ya mtu fulani aliyedai kwamba jino hujiponya lenyewe kama mfupa uliovunjika, mradi mwili upewe lishe ifaayo. Mgonjwa aache nafaka na kunde, kwani zina asidi ya faitiki inayozuia mwili usifyonze madini. Badala yake ale siagi, ini, mayai, supu ya mifupa na mafuta ya samaki, tena asage maganda ya mayai na kuyalamba. Binti huyu, mtoto wa mkulima mdogo anayesoma kwa mkopo, akaacha ugali na maharagwe, chakula pekee alichokimudu bila wasiwasi, akaanza kununua siagi. Baada ya miezi kadhaa jino likaacha kuuma. Akamshukuru Mungu na video yake.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo ningependa kuificha, lakini haitakuwa haki. Siku moja baada ya mhadhara aliniuliza kama ni kweli chakula kinaweza kuponya jino. Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Chakula ndicho dawa ya kwanza, binti yangu," nikashika njia. Nilidhani nimetamka hekima, kumbe nilikuwa nimempa kibali. Walimu wenzangu watanielewa: neno la mwalimu halipimwi kwa ratili moja na la mpita njia.

Je, dai hilo ni uzushi mtupu? La hasha! Lingekuwa uzushi mtupu lingekuwa jepesi kulikanusha. Limechanganya ukweli na uongo, na sharti tuutenganishe mchele na chuya kwa utaratibu.

Kwanza, tusidhani kwamba lilizaliwa jana pamoja na simu za kisasa. Katika miaka ya 1930 daktari wa meno wa Marekani, Weston A. Price wa mji wa Cleveland, alizunguka pembe nyingi za dunia akichunguza meno ya watu waliokuwa bado wanakula vyakula vya jadi. Mwaka wa 1935 alifika Afrika Mashariki na kupita humu nchini Kenya. Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1939 alieleza kwamba kati ya meno 2,516 ya Wamaasai 88 aliowakagua, yaliyooza yalikuwa 10 tu. Watu hao waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Kila alikokwenda, Price aliona pia kwamba pale sukari na unga mweupe wa dukani vilipoingia, meno yaliyooza yalifuata nyuma. Basi tunapoambiwa leo kwamba babu zetu walikuwa na meno mazuri kwa sababu ya chakula chao, anayesema hivyo hasemi upuuzi.

Huko Uingereza nako, May Mellanby na wenzake walifanya majaribio kuhusu lishe na meno ya watoto katika mji wa Sheffield. Mwaka wa 1932 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliopewa chakula kisicho na nafaka, chenye vitamini D na kalsiamu kwa wingi, walipata matundu mapya machache, na baadhi ya sehemu zilizokuwa zimeanza kulainika ziliweza kukauka na kuwa ngumu. Hapa ndipo penye mzizi wa yale yote aliyoyasikia mwanafunzi wangu kuhusu nafaka na mafuta ya samaki. Hata hivyo, wataalamu hao hawakudai kwamba tundu lililokwisha kuchimbika lilijaa tena. Walisema kuoza kulipungua kasi na pengine kukasimama. Kati ya kusimama kwa uharibifu na kurudi kwa kilichoharibika kuna umbali mkubwa, na umbali huo ndio ulioyeyuka njiani habari ilipokuwa ikisafiri kutoka jarida la madaktari hadi kwenye simu ya mwanafunzi.

Ili tuuelewe umbali huo hatuna budi kujua jino huoza vipi. Kwa maelfu ya miaka binadamu waliamini kwamba jino huliwa na mdudu. Wababeli wa kale waliandika habari za mdudu huyo juu ya vigae vya udongo. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka wa 1728, alikataa imani hiyo, lakini lugha ni ghala lisilotupa kitu: hadi leo twasema jino "limeliwa". Mwaka wa 1890, Mmarekani W. D. Miller, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Berlin, alieleza kwamba bakteria wa kinywani huchachusha vyakula vya wanga na sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Maelezo hayo yameboreshwa tangu hapo, lakini msingi wake umesimama imara.

Ganda la nje la jino, liitwalo enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfeti. Lakini ugumu huo una gharama yake. Enameli haina seli hai. Seli zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza, wala haziji tena. Hapa ndipo mfano wa mfupa unapovunjika. Mfupa una damu na seli zinazoujenga upya kila siku, kwa hiyo ukivunjika huunga. Enameli ikivunjika haina fundi wa kuijenga.

Pamoja na hayo, haikuachwa bila mlinzi. Mlinzi wake ni mate. Baada ya kula kitu chenye sukari, bakteria waliomo katika ukoga hutoa asidi kwa dakika chache tu, na kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini huanza kutoka katika enameli. Mate nayo huizimua asidi hiyo polepole, na baada ya nusu saa hadi saa moja hali hurejea kama ilivyokuwa. Kalsiamu na fosfeti zilizomo katika mate huanza kurudi ndani ya enameli, na kukiwa na floraidi kidogo kinywani, kazi hiyo huenda upesi na madini yanayojengeka huwa sugu zaidi dhidi ya asidi. Kuvuliwa na kuvishwa huko hutokea kila siku katika kinywa cha kila mmoja wetu. Jino huoza pale kuvuliwa kunapozidi kuvishwa kwa muda mrefu.

Dalili ya kwanza huwa ni doa jeupe lisilong'aa kama chaki, mara nyingi karibu na ufizi. Hapo uso wa enameli haujatoboka. Doa hilo linaweza kusimamishwa, na mara nyingine likarejeshewa madini yake, mtu akipunguza sukari, akapiga mswaki kwa dawa yenye floraidi na kulipa jino muda wa kupumzika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Doa jeupe ni ufa. Uso ukishatoboka na tundu likaonekana, ukuta umeanguka. Ni kweli kwamba ndani ya jino mna uhai, na kiini chake kinaweza kujiwekea tabaka jipya la kujikinga kutokea ndani. Kuoza nako kunaweza kusimama tundu likiwa wazi na safi. Lakini hakuna siagi, ini wala maganda ya mayai yatakayolijaza tundu hilo kutokea nje.

Basi ilikuwaje jino la mwanafunzi wangu likaacha kuuma? Jibu lake ni la kusikitisha. Kuoza kulipofika kwenye kiini, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, kiini kilivimba, kikauma, hatimaye kikafa. Mshipa uliokufa hauumi. Kimya kile alichokiita kupona kilikuwa kimya cha kaburi. Bakteria waliendelea na kazi yao hadi kwenye ncha ya mzizi, wakafanya jipu, na jipu ndilo lililomleta ofisini kwangu. Jino lilinyamaza, halikupona.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nirudi katika uwanja wangu. Kitenzi "kuponya" tumekibebesha mizigo mitatu. Mzigo wa kwanza ni kukinga: kulizuia jino lisioze. Wa pili ni kusimamisha na kurejesha: kuirudishia enameli madini yaliyotoka kabla haijatoboka. Wa tatu ni kutengeneza: kuziba tundu, kutibu mzizi, au kuling'oa jino lililoshindikana. Chakula kina nguvu kubwa katika mzigo wa kwanza. Katika wa pili ni msaidizi, na hufanya kazi vizuri zaidi kikiwa pamoja na floraidi na usafi wa kinywa. Katika wa tatu hakina nafasi. Mtu akisema "chakula huponya meno" huwa amesema kweli moja, nusu kweli moja na uongo mmoja kwa pumzi moja, na msikilizaji hana njia ya kujua amepokea kipi. Hata ile tunayoipaka kwenye mswaki tunaiita "dawa ya meno", na si ajabu kwamba wapo wanaoitumia kusugulia jino lililotoboka wakitarajia tundu lijifunge.

Nikisema chakula kina nguvu kubwa katika kukinga, silengi siagi. Nalenga hasa kile tunachokiacha. Kati ya mwaka wa 1945 na 1953, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili wataalamu waone jinsi meno yanavyooza. Wagonjwa hao hawakuombwa ridhaa, na utafiti huo umebaki doa katika historia ya sayansi. Matokeo yake, hata hivyo, ndiyo msingi wa ushauri tunaopewa hadi leo. Waliopewa sukari pamoja na mlo waliongezeka matundu kidogo. Waliopewa peremende zinazonata kati ya mlo na mlo, meno yao yaliharibika vibaya mno. Idadi ya nyakati ambazo sukari ilifika kinywani, na muda iliokaa humo, vilikuwa na uzito mkubwa kuliko kiasi chenyewe.

Mfano mwingine watoka Australia. Katika makao ya watoto ya Hopewood, mjini Bowral, watoto waliofuatiliwa tangu miaka ya 1940 walilelewa kwa chakula chenye sukari kidogo sana. Meno yao yalikuwa bora kupita ya wenzao wa shule za kawaida. Walipokua na kutoka, wakaanza kula kama watu wengine, na meno yao yakaanza kuoza kama ya watu wengine. Fundisho hapa ni zito. Lishe ya utotoni haikuwajengea ngome ya kudumu. Iliwalinda kwa muda wote walioifuata. Hili latusaidia hata kuwasoma upya Wamaasai wa Price: yamkini kilichowalinda zaidi ni kutokuwapo kwa sukari, wala si siri iliyofichika katika maziwa na damu.

Wahenga, ambao hawakuwa na kipimo cha pH, walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Hebu tuipime methali hiyo kwa siku ya mwanafunzi wa bweni. Chai yenye sukari alfajiri, chai tena na mandazi saa nne, soda baada ya chakula cha mchana, biskuti saa kumi, peremende njiani, chai nyingine usiku wakati wa kudurusu. Hizo ni mara sita. Tukikisia kwamba kila mara asidi hukaa kinywani kwa nusu saa tu, jumla yake ni saa tatu za kuvuliwa madini kila siku, na mara ya mwisho huja karibu na usingizi, wakati mate yanapopungua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 au vijiko vidogo sita kwa mtu mzima, itakuwa bora zaidi. Katika hesabu hiyo asali na maji ya matunda vimo. Ya asili haimaanishi isiyo na madhara.

Tumeeleza sayansi, imebaki kueleza watu. Kwa nini msomi wa chuo kikuu aliamini video kuliko daktari? Nilimwuliza. Akanijibu kwamba hakuwa na pesa, na kwamba kwao kijijini kwenda kwa daktari wa meno humaanisha kurudi na pengo. Sikuwa na la kumjibu. Kwa familia nyingi daktari wa meno ni koleo, wala hafikiriwi hadi maumivu yawe hayavumiliki. Wakati huo kuziba hakuwezekani tena, kutibu mzizi ni ghali, na koleo ndilo linalobaki. Hofu hiyo hujizalisha yenyewe. Mtu anayeogopa kung'olewa hukawia, na anayekawia hung'olewa. Jikoni hakuna koleo, na ndiyo maana tiba ya jikoni huwa na mvuto.

Jambo la kutia uchungu ni kwamba suluhisho nafuu zipo, na moja ilizaliwa jirani. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilibuniwa mbinu ya kusafisha jino lililooza kwa vifaa vya mkononi na kuliziba kwa saruji maalumu, bila mashine ya kukereza wala umeme. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbinu hiyo kwa ulimwengu mwaka wa 1994, na leo hutumika katika nchi nyingi. Mwaka wa 2021 shirika hilo liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floraidi, saruji ya aina hiyo ya kuzibia, na dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa juu ya tundu na kusimamisha kuoza, ingawa huacha weusi. Haya yote yanaweza kufanyika shuleni, chini ya mti, kwa mikono ya mhudumu aliyefunzwa.

Najua kwamba floraidi ina sifa mbaya katika baadhi ya sehemu zetu. Katika Bonde la Ufa, maji ya visima na ya baadhi ya maziwa yana floraidi kupita kiasi, na watoto waliokunywa maji hayo meno yao yalipokuwa yakiumbika yamekua na meno ya kahawia. Wamedhihakiwa bure, kwani rangi hiyo haikutokana na uchafu wala uzembe. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Lakini madhara ya kuzidisha hayafuti manufaa ya kiasi. Chumvi ikizidi hatuitupi chungu; twapunguza chumvi. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu atosheke na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, na wote wafundishwe kutema.

Kwa walimu wenzangu nina maombi matatu. La kwanza, tuchunge vitenzi vyetu. Mwanafunzi akiuliza kama chakula huponya meno, tumwulize anakusudia doa, tundu au jipu, kisha tumjibu kwa kila moja. La pili, tutazame kinachouzwa katika maduka ya shule na kinachomiminwa katika vikombe vya saa nne. Sisemi tuwanyime watoto chai. Nasema sukari ije pamoja na mlo, na katikati ya milo wapewe maji, njugu au tunda zima la kutafuna. La tatu, tuwafundishe dalili za hatari. Jino lililouma kwa siku nyingi kisha likanyamaza ghafla bila kutibiwa lapaswa kuonwa na daktari. Na uso ukivimba, homa ikipanda, au kumeza na kufungua kinywa kukiwa kwa shida, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha wa jino unaweza kusambaa shingoni na kuua.

Kwa serikali nina moja. Mnamo Oktoba 2024 taifa lilihama kutoka Hazina ya NHIF hadi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mjadala wa nani alipiwe nini haujapoa. Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu mwaka wa 2013. Katika mjadala huo meno hutajwa mwishoni, kana kwamba kinywa hakimo mwilini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2022 kwamba watu wapatao bilioni mbili duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Maradhi yaliyoenea hivyo hayawezi kuitwa anasa ya matajiri. Kaunti ikimpeleka mhudumu mmoja mwenye kisanduku cha vifaa vya mkononi katika kila shule mara moja kwa mwaka, watoto watajifunza kumwona mtaalamu wa meno kabla ya kumwona akishika koleo, na hilo peke yake litakuwa limeondoa nusu ya mvuto wa waganga wa simu.

Mwanafunzi wangu alitibiwa. Jipu lilikamuliwa, akapewa dawa, uvimbe ukashuka. Jino halikuokoka. Aliambiwa kwamba lingetibiwa mzizi miezi ile ya mwanzo lingesalia, lakini mfupa ulikuwa umeliwa mno. Aling'olewa. Muhula huu yuko katika mazoezi ya kufundisha, na nilikwenda kumkagua. Alikuwa akifundisha kidato cha pili, somo lenyewe methali. Sauti yake ya /s/ imebadilika kidogo, na kila anapocheka huinua mkono kufunika mdomo. Mvulana mmoja wa nyuma alitaka kujua maana ya jino la pembe si dawa ya pengo. Alisita, akashusha mkono wake, akawaonyesha pengo, kisha akawaeleza kisa chote kuanzia tundu hadi jipu, bila kuacha hata jibu nililompa siku ile nilipokuwa na haraka. Hakunitaja jina. Nilikuwa nimeketi nyuma, pamoja na wanafunzi, nikaandika katika fomu yangu kwamba somo limeeleweka.